Nilivyokuwa napandisha sauti ya redio

Jumapili, saa nne usiku.

Mikono bado inanuka mafuta ya taa. Nimeosha na sabuni ya unga, nimeosha na limao, nimesugua na mchanga kama mtoto, kucha ziko vile vile nyeusi, na kesho saa mbili nina kikao kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, natakiwa niwaoneshee watu mistari kwenye vocha kwa kidole hiki hiki. Basi wataona.

Naandika leo kabla sijasahau maana hii kazi ya kutengeneza injini ya gari yangu imekula wikiendi tatu na ninavyojijua wiki ijayo ntakuwa nasimulia kama vile nilijua kila kitu tangu mwanzo.

Gari yenyewe ni Hilux pikapu ya 1988, injini 22R ya petroli, cc 2366, bado ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Dodoma nimekuja 2017 na ule msafara wa serikali kuhamia, mume kabaki Dar na kazi yake, mi nikaja na watoto na magodoro, baadaye nikapata kishamba cha zabibu Hombolo na ndo nikagundua kreti za zabibu haziingii kwenye Vitz. Nikauza Vitz. Wifi yangu mpaka leo haelewi.

Mlio ulianza mwaka jana mwezi wa kumi na moja hivi. Tiki tiki tiki, kama cherehani chumba cha pili. Mwanzo nausikia gari ikiwa sailensi tu, ukikanyaga mafuta unapotea, nikasema ah gari la zamani lazima liwe na kelele. Alafu ukawa haupotei. Hapo ndo nikaanza kupandisha redio. Sitanii, nilikuwa napandisha redio, mlio ukiongezeka nami naongeza kidogo, ukiongezeka naongeza, hadi siku moja huyu wangu wa mwisho akauliza mama mbona tunasikiliza taarifa ya habari kama tuko kwenye harusi.

Kwenye mwezi wa tano ikaanza kucheua. Ukipanda mlima na mzigo inapiga pah! kwenye kabureta, inakosa nguvu, inatikisika, inaendelea. Nikapeleka gereji moja hapa mjini. Wakasafisha kabureta. Nikarudi, wakabadilisha plagi. Nikarudi, wakasafisha tena kabureta ile ile ambayo nadhani saa hizi ndo kabureta safi kuliko zote Kanda ya Kati. Mara ya nne fundi akafunga boneti akafuta mikono akasema dada hii injini imekufa, tafuta ya mtumba, 2,500,000 ukipata bahati. (Mtumba wa mtumba, sio Mtumba yetu ya wizara.) Nikamuuliza imekufa wapi. Akasema imekufa tu.

Sasa mi kazi yangu ni ukaguzi wa ndani. Mtu akiniambia hela "imeisha tu" mi siondoki hapo mezani. Nikalipa, nikaondoka na gari yangu inacheua njia nzima mpaka Ilazo.

Jirani yetu tunamwita Babu, Mgogo wa Mvumi, zamani alikuwa fundi wa magari ya mradi wa barabara. Kila asubuhi ananipa "mbukwenyi" na mi naitikia vibaya na yeye anacheka. Siku ile alikuwa anamwagilia mchicha wake, akanyoosha mgongo akasikiliza, akaja mpaka kwenye fensi. "Mama Neema, izime hiyo." Nikazima. "Hiyo inalia chini ya kifuniko. Kabureta mnaisingizia bure."

Jumamosi ya kwanza tukafungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Babu akanipa spana nizungushe injini taratibu kwa bolti ya puli ya krenki, ile shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni, yeye kainama na tochi anaangalia roka. Ziko nane. Akaniita na mi nione. Saba zinapanda na kushuka vizuri, moja, ya kutolea moshi silinda namba tatu, inatikisika tu kidogo kama mtu anayeitikia amina huku kasinzia.

Alivyonielewesha ni hivi. Kamshafti ni chuma kirefu chenye mayai yamelala pembeni, kinaenda nusu ya mwendo wa krenki, yai likifika linasukuma roka, roka inabonyeza valvu, alafu springi ndo inairudisha valvu ikae. Sasa yai la kutolea moshi likilika, valvu inafunguka kiduchu, moshi hautoki wote, na ile valvu ya kuingiza ikija kufunguka moshi wa moto unakimbilia huko huko ulipopata mlango, kwenye kabureta. Pah. Yani miezi yote ile tulikuwa tunampiga mlinzi wakati mwizi yuko jikoni.

Nikasema sawa, tunatoa kamshafti tunaweka nyingine, tunamaliza leo. Babu akacheka. Kumbe kwenye hii 22R bolti zinazoshika shafti za roka ndo hizo hizo bolti kumi za silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, huwezi kutoa roka bila kulegeza hedi. Akasema wapo wanaolegeza, wanabadilisha, wanakaza palepale juu ya gasketi ya zamani, ile ya kuziba chini ya hedi, na baada ya muda wanashangaa maji yanaenda wapi. "Tunashusha hedi yote. Kama hutaki niambie sasa hivi nikamalizie mchicha." Nikataka.

Lazima niseme kuhusu upepo maana aliyeko Dar hataelewa. Huu ni mwezi wa nane, Dodoma. Alfajiri kumetulia kabisa, kunaganda, unavaa sweta. Ikifika saa nne asubuhi upepo unaamka na vumbi lote la Ilazo linaamka nao, jekundu, laini kama unga wa sembe, linaingia mpaka kwenye friji. Injini iliyo wazi na vumbi lile ni kesi. Kwa hiyo ratiba yetu ilikuwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu, saa nne kasoro tunafunika kila kitu na mashuka mawili na kitenge, tunaweka matofali pembeni, mpaka kesho. Ndo maana wikiendi tatu. Mtu mwenye gereji yenye ukuta angemaliza mapema mno.

Kabla ya kushusha tukaiweka silinda namba moja juu kabisa, Babu akaomba rangi ya alama, nikaleta rangi ya kucha ya Neema, pinki yenye vimeta. Tukapaka kwenye jino la sproketi, lile gurudumu la meno la kamshafti, na kwenye cheni inayolizungusha, tukavifunga pamoja na waya, tukavining'iniza visizame kwenye kava la mbele, maana cheni ikizama huko chini umejitafutia kazi nyingine nzima.

Bolti kumi zikatoka, nimeweka kwenye boksi la mayai kila moja na tundu lake. Tukainua hedi. Haiji. Tukainua tena. Mwanangu mkubwa akapanda kwenye bampa akavuta na yeye, mbele pale imeng'ang'ania kama imechomelewa. Nikasema imeshikwa na gasketi, nikachukua mtaimbo, nishauweka kwenye kona kabisa, na Babu akanishika mkono, hakusema kitu, akachukua kitambaa akakichovya kwenye kidimbwi cha oili mbele pale chini ya sproketi, akakamua, akachovya, akakamua. Oili ilivyoisha kikaonekana kichwa cha bolti ndogo imelala chini kabisa inashika hedi na kava la cheni. Ningekandamiza ule mtaimbo, kava lingepasuka. Ile bolti ilikuwa pale muda wote, imefunikwa na oili nyeusi tu.

Na oili ilikuwa nyeusi kweli. Wikiendi ya pili hedi iko juu ya meza ya plastiki tunaosha na mafuta ya taa, mimi na mswaki, Babu akatoa zile shafti za roka akaingiza waya wa kiberiti cha gesi kwenye vitundu vya kupitishia oili. Kutoka kwenye kimoja ukatoka uji mweusi mzito kama mlenda uliolala. Akaniangalia. "Oili umebadilisha lini?"

Nikakaa kimya.

Nilikuwa natafuta kweli kichwani. Najua niliongeza, nilikuwa naongeza pale barabarani kwa yule kijana wa pipa, oili ya kupima, lita moja, nusu lita. Kubadilisha, na filta, na tarehe... Mimi huyu ambaye mwezi wa sita nilimwandikia dereva wa idara hoja ya ukaguzi ya kurasa mbili kwa sababu kitabu cha safari kina wiki tatu hazijajazwa. Nikasema "muda kidogo, Babu." Akasema "mm," akaendelea kuzibua.

Kamshafti ya zamani nimeibakiza, iko hapa dirishani. Ukipitisha kucha kwenye yai la namba tatu inakwama kwenye ukingo, limelika kama kisigino cha kandambili, na roka yake imechimbika pale inapogusa. Babu akasema roka nazo mpya zote nane, ukiweka ya zamani juu ya kamshafti mpya inailamba mwezi huo huo.

Springi ndo zilinitisha. Tukiwa tunazitoa na kibanio, ya tano ilitoka vipande viwili. Ilishakatika! Imekatika zamani tu, vipande vimejiviringisha kimoja ndani ya kingine na ikaendelea kufanya kazi hivyo hivyo, na valvu imekaa haijadondokea silinda. Nilikaa chini kidogo. Barabara ya Hombolo na watoto nyuma na kreti, na sauti ya redio juu.

Kwenye hiyo hiyo tukapoteza kile kipini kidogo, vile vijipande viwili vya nusu duara vinavyoshika shingo ya valvu, kimoja kiliruka ting! kikaingia mchangani. Ukubwa wa punje ya mahindi. Tumekitafuta nusu saa kwa macho, mwisho mwanangu akavunja spika mbovu ya zamani akatoa sumaku, Babu akasema ivalishe mfuko wa nailoni kwanza, maana mchanga wetu una unga wa chuma, ukiburuza sumaku tupu utakaa kuisafisha mpaka Krismasi. Ukiwa na mfuko unaugeuza tu uchafu wote unadondoka. Kikapatikana chini ya ndara zangu.

Spea mume alizinunua Kariakoo, akaja nazo na SGR Ijumaa, kamshafti kaiviringisha kwenye gazeti ndani ya begi la laptopu kama papa mkavu. Anasema kwenye mashine ya ukaguzi wa mizigo walimwita pembeni, akawaambia ni ya gari la mke wangu, wakamwangalia kwa huruma.

Kufunga kulienda haraka kuliko kufungua. Valvu tulishazisaga, sili mpya, springi nane mpya, Babu akalaza rula juu ya hedi kuangalia kama haijapinda, gasketi mpya. Kofia za kamshafti Nm 20 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), bolti za hedi Nm 78 kwa raundi tatu kuanzia katikati kwenda nje, torki renchi tumeazima. Mayai yote tumeyapaka mafuta mazito ya kufungia, alafu tukamwaga oili mpya juu yake bila ubahili. Tapeti, yani ule mwanya kati ya roka na valvu, namba moja ikiwa juu unaset za kuingiza 1 na 2, za kutolea 1 na 3, unazungusha krenki mzunguko mmoja unamalizia zilizobaki. Milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutolea, hizo ni injini ikiwa ya moto kwa hiyo utarudia, na ndo nilivyoungua mkono hapa karibu na kiwiko.

Kuwasha. Tukachomoa waya wa koili kwanza, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima. Tukarudisha waya. Babu akaniambia ikishika usiiache ishuke sailensi, ishikilie juu kidogo, kwenye 2000 hivi, dakika ishirini, kamshafti mpya na roka mpya zinatakiwa zizoeane huku oili inaruka ya kutosha. Gari haina kipimo cha mizunguko. "Utasikiliza," akasema.

Ikashika mara ya pili. Dakika ishirini ni ndefu sana mguu ukiwa hauruhusiwi kucheza. Majirani wamekuja, mume anashika kikombe cha chai kimepoa, moshi wa mafuta yaliyomwagikia ekzosi unapanda watu wanakohoa, mi niko ndani nimezima redio nasikiliza. Hakuna cherehani. Kuna mlio mmoja mnene, mmoja tu.

Malipo Babu kakataa. Kataka zabibu kreti moja na niache kuitikia "mbukwenyi" kama Mzaramo.

Leo mchana tumeenda Hombolo tukarudi, haijacheua hata mara moja. Ila kuna sehemu inavuja, kona ya mbele pale kava la cheni linapokutana na hedi, silikoni nadhani nilipaka kidogo. Nimetandika boksi la karatasi chini na daftari nimeliweka kwenye dashibodi, ukurasa wa kwanza tarehe ya oili, kilomita, filta.

Nimetoka nje sasa hivi na tochi. Matone matatu. Nimeyaandika.