Kumfuata chiriku hadi Honolulu

Basi la kutoka Ala Moana, mtaa wa Honolulu huko Hawaii, nililipanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli uwe nayo kamili mkononi, maana dereva harudishi chenji. Linapita Kuhio Avenue. Nikashuka mbele kidogo ya bustani ya wanyama, nikavuka kuingia Kapiolani Park, bustani kubwa ya mwaka 1877 iliyo chini ya kreta ya Diamond Head.

Niliyemfuata ni ndege wa kwetu: chiriku mdogo wa manjano, anayepatikana kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kilichomponza ni sauti. Kwa kuwa anaimba vizuri na halishwi kwa gharama, alitiwa tunduni akauzwa ng'ambo. Hawaii alianza kuonekana akiishi huru miaka ya 1960. Ukiichoma dunia sindano kutoka Honolulu, ncha inatokea Botswana. Hakuna mahali pa mbali zaidi na kwao pa kumpeleka.

Jua hutoka upande wa kreta, kwa hiyo ipe kreta mgongo utazame baharini. Ukisimama kinyume, kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Anza na mivinje iliyo kando ya Kalakaua Avenue. Ni mivinje ileile ya pwani zetu, na kosa la wengi ni kuiendea saa nne, upepo wa kaskazini mashariki ukishakolea: mivinje ikivuma, sauti ya chiriku humezwa yote. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Ya mara kumi hutetemeka mno ukiangalia juu ya mti.

Chiriku nilimpata kwenye tawi la chini. Ana sentimita 12 hivi, uso wa manjano na utosi wa kijivu. Chini ya shavu unashuka mstari mweusi, mfano wa sharubu. Huo ndio alama yake. Usipouona, usiseme umemwona. Akiruka, kiuno ni manjano tupu na ncha ya mkia ina weupe.

Majani mafupi yamejaa ndege mwingine wa manjano kutoka Amerika Kusini, na wageni wengi huwachanganya. Huyo ni mkubwa zaidi, paji lake ni la rangi ya chungwa, na sharubu hana. Makinda yake ni ya kijivu yenye michirizi, na hayo ndiyo yanayodanganya hasa. Shomoro wa Java yupo pia: kichwa cheusi, shavu jeupe, mdomo mnene wa waridi. Hapo uwanjani, mwenyeji wa kweli niliyemwona alikuwa buabua mweupe, ndege wa bahari anayetaga yai moja juu ya tawi tupu bila kiota.

Uchache huo wa wenyeji una sababu inayouma. Hawaii ilikuwa na jamaa wa damu wa chiriku, aina kwa aina, waliotokana na ndege wa Asia waliofika visiwani mamilioni ya miaka iliyopita. Mbu waliletwa kwa meli mwaka 1826. Baadaye malaria ya ndege ikaingia. Ndege wa kuletwa waliizoea tangu kwao, jamaa hao hawakuwa na kinga. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliondoa aina 6 zao kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa wametoweka kabisa. Kumsikia chiriku akiimba pale ni raha, lakini anaimba kwenye nyumba iliyohamwa.

Wengi wa waliobaki wako milimani, kwenye baridi inayomlemaza mdudu wa malaria. Kwa hiyo siku ya pili nilipanda njia ya Aiea Loop, karibu kilomita 8. Huko yupo amakihi: kijani cha manjano, mdomo mwembamba uliopinda kidogo chini, anafyonza maua na kuchokoa wadudu. Kabla ya kuingia, sugua udongo wote kwenye soli za viatu kwa brashi, kisha nyunyizia spiriti ya asilimia 70. Ukungu, yaani kuvu, unaoua miti ya ohia husafiri na tope, na ohia ndiyo miti inayowalisha ndege hawa. Rudia kazi hiyo ukitoka.