Uvimbe wa taya kwa mbuzi: jinsi wangu alivyopona

Mbuzi wangu jike alivimba chini ya taya, uvimbe laini kama mfuko wa maji: jioni umejaa, asubuhi umepungua. Nikifunua kope la chini, ndani kweupe kama karatasi, dalili ya kupungukiwa damu kwa sababu ya minyoo. Nilimwongezea pumba na jiwe la chumvi, nikamnywesha dawa ya minyoo mara mbili. Wapi!

Daktari wa mifugo akaniuliza: ana kilo ngapi? Kumbe nilikadiria kwa macho, tena kwa kipimo cha dawa cha kondoo, na mbuzi kwa kawaida huhitaji zaidi. Tukampima: kilo 38, si 25. Akabadilisha aina ya dawa, akamnywesha kwa bomba la sindano, taratibu, nyuma kabisa ya ulimi. Wiki ya tatu kope likawa jekundu tena. Alhamdulillahi. Sasa nakagua kope za wote kila wiki mbili, na namnywesha dawa aliyepauka kope tu.