Siku moja maishani mwangu: boksi, kimea na nyuzi 96

Saa 11 na nusu alfajiri. Julai hii baridi ya Dodoma inauma, lakini kabla ya mswaki nakwenda kwanza uani kufungua koki. Maji yapo. Huku kwetu Nkuhungu maji yana zamu zake, na siku yakitoka ndiyo siku ya kupika pombe. Nakinga ndoo zote, mpaka beseni la kufulia.

Heta naisugua kwa siki. Maji ya visima vya Makutupora hayana ubaya kooni, ila kwenye chuma cha moto yanaacha ukoko mweupe kama wa ugali, na heta yenye ukoko inachelewa kupasha.

Saa 12 na robo mama mdogo anabisha hodi, kajifunga khanga mbili, mkononi ana mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo boksi lako limeamka?"

Kilo 5 za kimea cha mtama mweupe. Amelowesha mtama siku nzima, akauchipusha chini ya gunia bichi siku nne, akauanika, akaupukuchua vimizizi vyote kwa viganja kwa sababu vikibaki pombe inakuwa chungu. Kisha akapeleka mashineni ukaparazwe tu, usisagwe. Kazi ngumu ya pombe hii ameshaimaliza yeye. Hatuuzi, Jumamosi ya wiki ijayo wajomba wanakuja, basi.

Boksi ni kasha la plastiki nililotengeneza kwenye karakana yangu ya nyumbani, ninapotengeneza redio na sabufa za watu. Ndani kuna kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti, rilei mbili (swichi zinazoamriwa na kompyuta), sensa ya joto (si ile ya kuhesabu watu) na kioo cha mistari minne. Linawasha na kuzima heta na pampu. Lina nafasi kumi za resipi, na kila hatua ya resipi ni namba mbili tu: joto na dakika. Jina lisizidi herufi 14, ndiyo maana sehemu ya orodha yangu inasomeka hivi: SHAYIRI-1, MTAMA-1, MTAMA-MWISHO, MTAMA-MWISHO2, MTAMA-MWISHO3. Kucheka ruksa.

Nachagua MTAMA-MWISHO4. Saa 1 asubuhi heta inawaka.

Lita 20 zinapanda hadi nyuzi 45, tunamwaga kimea, tunakoroga, dakika 30. Halafu pampu inazimwa na hakuna kugusa kitu. Unga unatuama chini, juu kunabaki maji ya rangi ya maziwa mepesi. Hayo ndiyo mali. Vimeng'enya vyote vya kugeuza wanga kuwa sukari vimeyeyukia humo. Nachota lita 7 taratibu kwa kikombe, naziweka pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko.

Nilikuwa sifanyi hivi. Resipi yangu ya kwanza ilikuwa ya shayiri, nimeiandika kama nilivyoikuta: nyuzi 52, 63, 72, 78. Shayiri inaimudu, maana wanga wake unalainika kwenye nyuzi 60 na kidogo, na joto hilo vimeng'enya vinalivumilia. Wanga wa mtama ni mkaidi, unataka 70 na zaidi. Ukiupasha mpaka ulainike, vimeng'enya vimeshakufa. Ukivihurumia vimeng'enya, wanga unabaki mbichi. Nilipata lita 18 za maji ya vumbi. Mama mdogo aliyaonja akauliza, "Kimea umekichemsha?" Nikamwambia boksi ndilo lililopanga. "Basi boksi limekiua. Sisi tunapika uji kwanza, ukipoa kidole kikavumilia, ndipo tunatia kimea." Miezi miwili nilikuwa natafuta kosa kwenye programu.

Saa 2 na nusu uji uliobaki unahamia jiko la gesi. Hapa boksi haliwashi chochote, linashikilia sensa na kupiga kelele tu, kwa sababu uji mzito juu ya heta ya umeme unaungua dakika ya tano. Mama ana mwiko, mimi nina mteja: mzee wa mtaa wa pili na redio yake.

"Mbukwa!"

"Mbukwa mzee, karibu."

Waya wa spika umekatika. Nauchomelea huku sikio likiwa kwa boksi. Nyuzi 85, dakika 30, uji unavuta kama gundi.

Sasa hesabu ninayoipenda kuliko zote. Uji huu, lita 13 za maji pamoja na nafaka yake, unabeba joto sawa na lita 15 za maji. Nikiusubiri ushuke hadi 77 halafu nikamimina zile lita 7 zenye nyuzi 40, mchanganyiko unatua 65 hivi, bila heta kufanya kazi yoyote. Namimina. Kioo kinaandika 64.0. Napima ndoo: yale maji yameshuka hadi 36. Baridi ya Julai imeingia kwenye hesabu na mimi sikuikaribisha. Digrii moja heta itaipandisha, lakini naandika kwenye daftari.

Tunachanganya makapi ya mpunga yaliyotoka Bahi, kwani mtama hauna ganda la kuchujia na bila makapi pampu inakabwa. Saa 4 na dakika 5 hatua ya dakika 90 inaanza.

Saa 4 na dakika 57 umeme unakatika.

Zamani ningekaa chini nilie. Umeme ukirudi boksi lilikuwa linaanza hatua ya kwanza kama mtoto aliyesahau alipofikia kuhesabu. Sasa kila dakika linaandika kwenye kumbukumbu: hatua ya ngapi, zimebaki dakika ngapi. Na sharti la pili, ambalo lilinigharimu pipa zima kulijifunza: dakika zisihesabiwe mpaka joto lirudi lilipokuwa. Tunaifunika sufuria blanketi mbili. Mama anasema hata mtoto mchanga hakufunikwa hivyo.

Saa 5 na dakika 40 unarudi. Nyuzi 60. Nachukua tone moja kwenye kisahani cheupe, nadondoshea iodini ya kidonda: zambarau, wanga bado. Boksi linapasha hadi 65, kisha linaandika BAKI 38. Saa 6 na nusu tone linabaki njano. Mama anaonja kwa kata. "Hii togwa." Ni togwa kweli, na ningeishia hapo nyumba nzima ingefurahi.

Mchana ni wa kuchuja tu, na ugali wa uwele kwa mlenda.

Saa 8 na nusu, kuchemsha. Resipi za watu zinasema joto likifika 100 anza kuhesabu dakika 60. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Siku ya kwanza boksi lilisubiri 100 kwa saa mbili, utii mtupu, nami niko karakanani nikidhani mambo yanakwenda. Lita 25 zilibaki 17. Sasa nimeweka 95. Binamu yangu aliyeko Dar aliichukua resipi hiyo bila kubadilisha. Kule dakika zinaanza kabla hata sufuria haijachemka, na bado analaumu mtama wetu.

Hopsi kidogo za paketi (maua makavu ya kutia uchungu), mrija wa shaba wa kupozea, maji yake ya moto kwenye beseni la kufulia. Haidromita, kipimo cha sukari iliyomo, inasoma 1.041. Saa 11 jioni hamira imeingia, pipa liko chumba cha nyuma ambako usiku wa Julai unanifanyia kazi ya friji. Machicha yamekwenda kwa nguruwe wa jirani.

Saa 3 usiku nakaa na daftari. Naandika resipi mpya: kila kitu kilekile, ila uji usubiriwe 79 badala ya 77. Jina MTAMA-BARIDI. Nabonyeza hifadhi, boksi linajibu nafasi zimejaa. Nafuta MTAMA-MWISHO. Zile 2, 3 na 4 naziacha kwanza.