Kabla hujalipa, uliza usukani huo ni wa chama gani

Simu za kuniuliza kama usukani fulani wa gemu unafaa huja zaidi mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka. Mtu kaona usukani wa gemu Instagram, picha safi, pedali tatu za chuma, ngozi imeshonwa vizuri, na muuzaji kaandika "unaingia kwenye kila kitu". Anataka nimwambie tu sawa ili atume hela. Mimi ni fundi wa konsoli hapa Kariakoo, na jibu langu la kwanza huwa ni swali: hebu kuza picha, vitufe vya pale katikati vina alama gani? Kama ni pembetatu, duara, msalaba na mraba, huo ni wa PlayStation. Kama ni A, B, X na Y, huo ni wa Xbox. Kama hakuna hata kimoja, usitume hela kwanza, nipigie vizuri tuongee.

Wengi hudhani tatizo ni plagi. Kuna kijana aliniletea usukani wa Logitech G920, mpya kabisa, kaletewa na shemeji yake kutoka Uingereza, na nyumbani ana PS4 (PlayStation 4). "Fundi, nibadilishie plagi tu." Nikamwonyesha: plagi ni USB ile ile, inaingia bila shida. Usukani ukipata umeme utajizungusha kushoto na kulia kama kawaida yake unapowaka, halafu basi. PS4 haiutambui hata kidogo.

Kinachouma ni kwamba G920 ina ndugu yake anaitwa G29. Wote wawili walitoka mwaka 2015. Ukiwafungua, ndani kuna mota mbili, meno ya chuma yaliyokatwa kwa mshazari, mzunguko wa nyuzi 900, na pedali tatu zilezile, ya breki ikiwa na mpira mgumu ndani unaowachosha wageni mguu. Tofauti iko kwenye ubao wa umeme na programu iliyomo. G29 anazungumza na PS3, PS4 na kompyuta, G920 anazungumza na Xbox One na kompyuta. Mwaka 2020 ikaja G923, na badala ya kuleta mmoja wa wote, wakatoa matoleo mawili yenye jina lilelile. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, maana tangazo huandika "G923" na kuishia hapo. Thrustmaster, kampuni nyingine ya usukani, nao ni hivyohivyo: T150 ni ya PlayStation, TMX ni ya Xbox, na ukizitazama kwa mbali utadhani ni pacha. T248 yao ndiyo usiseme, jina moja, maboksi tofauti.

Kwa hiyo huwa nawaambia wateja kwamba usukani una kadi ya chama. Konsoli ikichomekewa kitu, haiangalii kwanza ubora wake. Inaomba kadi.

Kwenye PS4 kadi hiyo inakaguliwa hivi. Konsoli inatunga rundo la namba bila mpangilio wowote na kulituma kwenye kifaa. Kifaa kinatakiwa kuzitia sahihi kwa ufunguo wa siri uliowekwa ndani yake kiwandani kwa idhini ya Sony, wenye PlayStation, kisha kuzirudisha. PS4 inahakiki sahihi. Ikikubali, endelea kucheza. Ikikosa, haikufukuzi papo hapo, na hilo ndilo huwachanganya watu: inakuacha ucheze kama dakika nane halafu inakata mawasiliano. Wale wenye pedi (vidhibiti vya mkononi) za bei poa zisizo na leseni, ambazo kila baada ya muda mfupi zinazimika katikati ya mechi, mara nyingi ugonjwa wao ni huu, wala si betri. Nimewahi kubishana na mteja mpaka jasho likanitoka, hakuamini kwamba pedi yake ni nzima.

Upande wa Xbox mlango umekuwa na mlinzi tangu Xbox 360 ya mwaka 2005. Ndiyo maana G25 na G27 za Logitech, ambazo enzi zake ndizo kila mtu alizitamani, hazikuwahi kufanya kazi kwenye 360. Halafu Xbox One ilipokuja mwaka 2013 ikabadilisha mfumo wa mawasiliano, na usukani wa 360 nao ukaachwa nje. Wapo waliokuwa wametumia hela nyingi sana, leseni halali wanayo, na bado walibaki nje, kwa sababu leseni ilikuwa ya konsoli ile na siyo ya hii.

PlayStation ndiyo ilikuwa rahisi zamani. PS2 na PS3 zilipokea usukani wa USB bila maswali mengi. Gran Turismo 4, gemu ya mbio za magari, kwenye PS2 ilikwenda na Driving Force Pro, usukani wa Logitech ambao ulileta zile nyuzi 900 sebuleni kwa watu wa kawaida, na kwenye PS3 unachomeka G27 na kuendesha Gran Turismo 6 bila neno. Kisha PS4 ikaja na ukaguzi niliousimulia, na G27 ikafungiwa nje, ingawa vyuma vyake ni karibu sawa na vya G29 aliyeruhusiwa. G27 ilikuja na gia yake ya mkono ndani ya boksi, G29 ukitaka gia unanunua pembeni. Yaani unapata leseni zaidi kidogo, na chuma pungufu kidogo. Nikieleza hili mbele ya wateja huwa wanacheka, wakidhani natania.

Anayeonyesha mchezo huu wazi kabisa ni kampuni ya Fanatec. Usukani wao huuzwa vipande vipande: mota peke yake, duara la kushika peke yake, pedali peke yake. Leseni ya PlayStation inakaa kwenye mota. Leseni ya Xbox inakaa kwenye duara la kushika. Ukichukua mota yao ya CSL DD, ile isiyo ya PlayStation, ukaifunga duara lisilo na alama ya Xbox, una kifaa cha kompyuta tu. Lifungue duara hilo, weka lenye alama ya Xbox, mota ileile na waya uleule, Xbox inakukaribisha. Na ukichukua Gran Turismo DD Pro, waliyoitengeneza pamoja na watunzi wa Gran Turismo, ukaipachika duara la Xbox, unakuwa na usukani wa PlayStation, Xbox na kompyuta kwa mara moja. Hiyo ndiyo njia mojawapo ya uhakika ninayoijua ya kuwa mwanachama wa pande zote bila ujanja, na bei yake ni ya watu wenye nafasi. DD Pro inazungusha kwa nguvu ya nyutoni-mita 5, au 8 ukinunua adapta kubwa ya umeme, wakati G29 iko kwenye mbili na kidogo. Mtu aliyezoea G29 akishika ile anahisi mikono inanyang'anywa.

Je, wenye konsoli wana haki ya kufanya hivi? Hoja yao moja naikubali. Kuna vifaa vinavyojifanya pedi huku vinamsaidia mtu kulenga shabaha kwenye gemu za risasi, na wanaocheza mtandaoni wamechoka navyo. Novemba 2023 Xbox ilikaza kamba: ukichomeka kifaa kisichoidhinishwa unapata ujumbe wenye namba 0x82d60002, unapewa wiki mbili, halafu kinafungiwa. Waliotumia pedi za bandia walilia, na baadhi yao kweli walistahili. Ila usukani? Niambie nani amewahi kumwibia mwenzake ushindi kwa kuwa na usukani wa kampuni isiyo na leseni. Kona ni kona, utaipinda mwenyewe. Hapo sioni ulinzi wa mchezaji, naona mapato ya leseni, na sioni aibu kulisema hilo ingawa wateja wa Xbox ninao na wananilipa vizuri.

PS5 kwa upande wake ilinishangaza kwa wema. Pedi ya PS4 haichezi gemu za PS5, hilo kila mtu analijua kwa uchungu. Lakini usukani wenye leseni ya PS4 waliuacha upite. G29 ya mwaka 2015 unaichomeka kwenye PS5 na kuendesha Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, bila adapta wala kubembeleza. T300RS ya Thrustmaster vilevile. Kwa hiyo kama una PS5 na bajeti ni ndogo, tafuta G29 iliyotumika. Sijaona chaguo bora zaidi kwa hapa Dar.

Kuna mlango wa pili ambao matangazo hayautaji: gemu lenyewe. Konsoli inaweza kuukubali usukani na gemu ikaukataa, kwa sababu watunzi wa gemu ndio wanaoandika jinsi ya kuupa nguvu usukani wa aina fulani, uzunguke nyuzi ngapi, utetemeke lini. Na hapa ndipo lilipo swali linalofuata mara tu nikimaliza kueleza habari za chama: "Na GTA je?" Jamani. GTA V, ile gemu maarufu ya magari na uhalifu, kwenye konsoli haina usukani. Haikuwahi kuwa nao. Zile video za TikTok za mtu anakata kona Los Santos, mji wa gemu hiyo, na pedali tatu ni za kompyuta, kawekea programu za nyongeza zilizoandikwa na mashabiki. Nimeshuhudia mtu akirudisha usukani dukani siku ya pili kwa ajili ya hili tu, na muuzaji akagoma, na mimi nikageuzwa hakimu.

Kuhusu adapta. Zipo za kweli, na Drive Hub ndiyo ninayoiona zaidi. Inakaa katikati: upande mmoja unachomeka usukani wa zamani, upande mwingine konsoli, na pembeni yake unachomeka pedi halisi yenye leseni. Konsoli ikiuliza kadi, adapta inalipeleka swali kwa pedi, pedi inatia sahihi, jibu linarudi kana kwamba ni la usukani. G27 inaanza kujitambulisha kama G29 na PS4 inaamini. Ni ujanja mzuri na unafanya kazi. Shida ni kwamba unaishi kwa huruma ya masasisho, leo iko sawa, kesho konsoli imejisasisha usiku na asubuhi unanipigia mimi. Kwa gemu za PS5 zenyewe mambo ni magumu zaidi, maana pedi ya PS4 unayotaka kuiazima sahihi yake haina nafasi kule. Mtu mwenye G27 na PS4 namwambia anunue. Mwenye PS5 namwambia auze G27 aongezee hela.

Na atamuuzia nani? Watu wa kompyuta. Huko hakuna chama. Windows inapokea G25, G27, Driving Force GT na chochote chenye programu yake, ndiyo maana usukani wa zamani unaoshushwa na vifaa vya mitumba kutoka Ulaya haukai sokoni. Vijana wanaoendesha mabasi kwenye Euro Truck Simulator 2, wale waliopaka mabasi yao rangi za kampuni zetu za mikoani na wanapiga honi kama wanaingia stendi, wananunua zote. Wengine wanajua kuirekebisha breki ya G27 kuliko mimi. Jihadhari na kitu kimoja tu: usukani uliotoka Marekani, soma maandishi ya kwenye adapta ya umeme kabla hujaichomeka. Ikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230V utaiunguza, na harufu yake huitasahau.

Kama unataka kujua usukani unafaa nini hasa, acha kwanza barabara za lami. Washa EA Sports WRC ya mwaka 2023 kwenye PS5 au Xbox Series, chagua Safari Rally Kenya. Ukitumia pedi, njia za Naivasha ni vumbi tu mbele ya macho. Ukitumia usukani, unahisi tairi za mbele zinapoteza ardhi kwenye mchanga laini kabla hujaona gari likiteleza, usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, na una nusu sekunde ya kuamua. Mteja wangu mmoja wa Arusha, ambaye huvuka Namanga kila mwaka kwenda kuangalia Safari yenyewe, alinunua T300RS kwa ajili ya njia za Kenya peke yake. Gemu nyingine zote kwake ni za kupasha misuli moto.

Kwa walionunua tayari: kama usukani una swichi ndogo ya PS3 na PS4, iweke PS4 kabla ya kuchomeka, siyo baada. Masasisho ya programu ya ndani ya usukani wa Logitech na Thrustmaster hufanywa kwenye kompyuta, konsoli haiwezi kukufanyia. Huna kompyuta, ulete mezani kwangu, lakini ulete na adapta yake ya umeme na pedali. Nimechoka kupokea duara tupu ndani ya mfuko wa rambo.