Bahasha za Maji Maji

Kazi yangu Berlin ilikuwa miguu ya wazee. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naingia nyumba ya kwanza, namvisha mzee soksi za kubana, nampima presha, namhesabia vidonge, natoka, nabisha hodi nyumba ya pili. Kumvisha mtu soksi zile guu likiwa limevimba ni mieleka kabisa, na ndiyo maana wazee huongea sana wakati huo. Wanajisahaulisha.

Bibi ninayemkumbuka alikuwa nyumba yangu ya tatu, ghorofa ya pili, huko Wedding, kitongoji cha Berlin. Namwita bibi hapa. Mbele yake nilimwita Frau na jina la ukoo, la sivyo angenifukuza. Ukishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Rehberge unaanza kukutana na kwenu ukutani: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Wiki ya kwanza nilipiga picha vibao vyote nikamtumia dada yangu Dar. Akanijibu, "Mbona Mbagala hamna?" Nilicheka. Baadaye nikaelewa kwamba majina yale yalibandikwa jinsi mama anavyoandika jina lake chini ya sufuria kabla ya kuipeleka kwenye shughuli. Ili ijulikane ni ya nani.

Mtaa wa bibi uliitwa Petersallee. Waliupa jina hilo Manazi mwaka 1939, kumuenzi Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara mwaka 1884 na makaratasi yake ya mikataba. Kule Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika, na wenzake wenyewe wakamwona kapita kiasi, wakamfukuza kazi mwaka 1897. Kwetu alibaki na jina moja tu, Mkono wa Damu. Tarehe 23 Agosti 2024 mtaa ule ulikatwa vipande viwili. Kimoja kikapewa Anna Mungunda, mwanamke aliyepigwa risasi na kufa Windhoek, Namibia, mwaka 1959. Kingine, chenye mlango wa bibi, kikawa Maji-Maji-Allee.

Hawakuking'oa kibao cha zamani. Berlin wana desturi ya kukiacha nusu mwaka, jina likiwa limepigwa mstari mwekundu, jipya likiwa hapo hapo nguzoni. Kila asubuhi nilipita chini ya mstari ule na mkoba wangu wa glavu.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Oktoba. Nilimkuta bibi amekaa jikoni, mezani kuna rundo la bahasha, na pembeni karatasi ya vile vibandiko vidogo vya anwani ya mtumaji, vimechapwa jina lake na Petersallee. Alikuwa amevinunua vingi, vya kumtosha mpaka kufa, alisema, na sasa serikali imempa kazi ya kuvitupa.

Nikapiga magoti nikaanza na mguu wa kushoto.

"Mayi-Mayi," akasema juu ya kichwa changu. Wajerumani wakiona J wanasoma Y. "Nakaa Mayi-Mayi. Ukimwambia mtu wa teksi anadhani umelewa."

"Ni Maji," nikamwambia. "Maji haya ya bombani."

Mguu ukaacha kunisukuma. "Kumbe ni neno la kwenu?"

Miezi miwili jina liko mlangoni pake, na hakuna aliyemwambia maana yake. Barua ya manispaa alikuwa nayo, lakini aliisoma kwa hasira, na barua inayosomwa kwa hasira haiingii. Kwa hiyo mimi na soksi yangu ndio tuliokuwa wa kwanza kumfasiria.

Hakufurahi. Akaanza na hoja yake, ambayo nilishaisikia kwa majirani zake wawili, neno kwa neno. Kwamba mtaa ule haukuwa wa Carl. Mwaka 1986 uliandikishwa upya kwa Hans Peters, mwanasheria, mtu aliyekuwa kinyume na Hitler. Sasa mtu mwema amekosa nini? Wakaazi wengine walipeleka jambo mahakamani baada ya baraza la wilaya kuamua mwaka 2018, wakashindwa. Bibi hakwenda mahakamani, ila aliwachangia, nusu kwa hasira na nusu kwa ujirani.

Niseme ukweli, hoja hiyo si ya kijinga. Hans hakuwa na kosa. Lakini kumtoa Carl na kumweka Hans bila kugusa herufi moja kibaoni ni kama fundi cherehani anayekugeuzia koti kuukuu ndani nje, halafu anakudai bei ya koti jipya. Mkaazi wa Togostraße anakwenda dukani, anaona Peters, anajua Peters gani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia "ule mtaa wa mwanasheria".

Sikumwambia bibi hayo ya koti. Kijerumani changu kisingefika.

Yeye akaongeza, "Mnatuletea historia yenu mpaka mlangoni."

Hapo nilikosea adabu ya kazi. Nilikuwa nimeshika kisigino chake, nikasema, "Historia yenu, Frau. Sisi tulikuwa tumekaa kwetu."

Kimya. Nikasikia friji inaunguruma. Nikawaza sasa atapiga simu ofisini, na mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita. Nikamaliza mguu wa kushoto, nikaukunjua mkunjo uliobaki kifundoni maana ukiuacha unakata ngozi, nikahamia wa kulia.

"Basi niambie," akasema.

Nikamwambia ninachokijua, nacho si cha vitabuni chote. Babu yangu alikuwa Mmatumbi, kutoka vilima vya nyuma ya Kilwa, akahamia Dar kubeba mizigo bandarini. Kwao ndiko Maji Maji ilikoanzia, Julai 1905, na haikuanza kwa mkuki. Walikwenda kwenye shamba la pamba la kulazimishwa, kule Nandete, wakang'oa mipamba. Kuhusu maji ya Kinjekitile, yale ya kugeuza risasi kuwa maji, bibi aliuliza kama walikuwa wanaamini kweli. Nikamjibu kwamba mtu anayepigwa viboko kwa ajili ya pamba ya mwenzie huhitaji kitu kidogo tu cha kuamini. Kinjekitile walimnyonga mapema, Agosti hiyo hiyo. Vita iliendelea mpaka 1907, na walioangamia, wapo wanahistoria wanaowafikisha laki tatu, wengi si kwa risasi. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikamaliza kazi. Mama yake babu aliishi kwa ming'oko, ile mizizi ya porini. Leo watu wa kusini wanaila kwa raha zao na chumvi, inauzwa mpaka stendi, lakini nyumbani kwetu Kariakoo babu hakutaka kuiona.

Bibi akasema, "Sisi tulikula maganda ya viazi. Mwaka 1946." Hakusema kwa kushindana. Alisema kama mtu anayesogeza kiti.

Nikajikuta namsimulia na habari ya Bismini. Nilipokuwa mdogo babu alikuwa akinishika mkono tukikatiza pale Samora, kwenye sanamu ya yule askari mwenye singe iliyoelekezwa bandarini. Kila mtu anasema "Askari Monument". Babu alisema "picha ya Bismini", kama wazee wenzie wa mjini. Nilidhani Bismini ni jina la yule askari. Ni huku Ujerumani ndiko nilikojua kwamba kabla ya askari wa Waingereza, aliyewekwa mwaka 1927, pale alisimama gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, tangu 1909. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimshusha. Akaletwa Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wakamwangusha kwa kamba. Wissmann, Bismini. Mdomo wa babu, kwa hesabu yangu, ulimtunza yule bwana Dar nzima miaka sabini baada ya shaba yake kuondoka, tena pasipo kujua ni nani. Hapa Berlin napo alikuwa na mtaa wa jina lake, huko Neukölln. Mwaka 2021 wakampa Lucy Lameck, mbunge wetu wa enzi za Mwalimu, wa Moshi.

Bibi alicheka kwa Bismini. Akajaribu kulisema. Halafu akanisogezea kalamu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, asingeweza kuandika bahasha zote zile. Nilikuwa nimechelewa dakika kumi na tano kwa mzee wa nyumba ya nne, lakini nikavua glavu nikakaa. Nikaandika jina lake, chini yake Maji-Maji-Allee na namba ya nyumba. Mara ya kwanza niliandika kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la pili. Nilishajaza fomu nyingi nchi ile, kila neno la kukopa. Hili mkono ulilijua. Bibi aliinama kukagua kila bahasha kwa miwani, akanirudisha moja kwa sababu nilisahau kistari cha pili.

Tulipofika ya kumi na moja simu ikalia. Duka la dawa, wanataka anwani wamletee sindano zake. Akaitaja. Wakamuuliza tena. Akanitazama, akajaribu kwa kuuma meno, "Ma-dji." Hawakusikia. Basi akanyoosha mgongo, akawatajia herufi kwa majina, jinsi walivyofundishwa wazee wa Kijerumani kutaja herufi kwenye simu.

"Martha, Anton, Julius, Ida," akasema. "Ndiyo. Mara mbili."