Siku moja maishani mwangu: kusimamia usalama duarani, Geita

Saa 11 alfajiri. Naamka na kitu cha kwanza nasikiliza kama mvua imenyesha usiku, maana ikinyesha siku yangu yote inabadilika. Udongo ukilowa unakuwa mzito, unasukuma matimba, ile miti inayoshikilia kuta za shimo, na huku Kanda ya Ziwa hatujasahau Januari 2024 kule Ng'alita, Bariadi, watu 22 walifukiwa baada ya mvua kubwa. Leo pakavu, namshukuru Mungu.

Mi nasimamia usalama kwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, la wachimbaji wadogo. Kabla ya hapo nilikuwa fundi matimba, kwahiyo kuta za duara nazijua.

Saa 12 na nusu. Niko mdomoni mwa duara. Jana jioni walilipua, so kazi ya kwanza ni hewa: kompresa inawashwa, mpira unashuka mpaka chini, na hakuna mtu kushuka. Hapo ndo ubishi wa kila siku unaanza. Vijana washavaa gambuti na tochi kichwani, wanataka kuingia, na kwa kweli nawaelewa, huku hatuna mshahara tunagawana mawe yenye dhahabu, kiroba cha mawe ambacho hakijapanda hakijakulipa, ukikaa juu unakaa na njaa yako. Dogo mmoja kaniambia "kaka moshi ushaisha, si unaona mwenyewe". Nikamwambia dogo, kinachoua hukioni. Baruti inaacha kabonimonoksidi, haina rangi haina harufu, inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, unasikia kichwa kizito, miguu inalegea, unasema ngoja nikae kidogo na hapo hunyanyuki tena. Wazee wanashusha mshumaa, ukizimika wanajua hewa hakuna, sawa, ila mshumaa unaweza kuwaka vizuri kabisa na hiyo gesi ipo. Kwahiyo tunasubiri, wakinuna wanune.

Saa 2. Nashuka na fundi matimba, wawili tu. Tunagonga mwamba kwa mtaimbo kila hatua. Mwamba mzima unalia kwa ukali, uliolegea unalia kama debe tupu. Leo pale tunapokata kona ukalia vibaya, tukasimama pembeni tukauchokonoa, likashuka jiwe la kubebwa na watu wanne, na nyuma yake kuna ufa umelowa maji. Jana watu walikuwa wanapita chini yake siku nzima! Tukapima, miti ikakatwa juu ikateremshwa kwa winchi, tukasimamisha matimba mawili na kabari, nikayatikisa mpaka nikaridhika.

Saa 4 na nusu. Sasa wanashuka, kila mtu naandika jina na saa. Kuna wanaoona daftari ni usumbufu. Nawakumbusha Nyangalata, kule Kahama, Oktoba 2015, watu walifukiwa na juu wakahesabika wamekufa, halafu baada ya siku 41 wakatolewa watano wako hai, walikuwa wanakula mizizi na wadudu. Kwahiyo kwangu jina halikatwi mpaka nimuone mwenye jina kapanda.

Saa 7. Kwa mama lishe, ugali na sato. "Kula ng'wanawane (mwanangu), umekonda," ananiambia, na sijamaliza simu ikalia, duara la jirani limejaa maji na wanataka kuteremsha pampu ya petroli. Niliacha sahani nikakimbia. Najua kwanini wanaiteremsha, pampu ikiwa juu haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita saba nane hivi, so wanaona bora ikae karibu na maji. Lakini injini ya petroli ndani ya shimo inatoa gesi ileile niliyomweleza dogo asubuhi, na kompresa moja haiwezi kuishinda. Anadondoka wa kwanza, mwenzake anamuona anashuka kumtoa, anadondoka, anakuja wa tatu, na hao wanaoshuka huwa ni ndugu au marafiki, wanaenda kwa upendo kabisa. Nimewaambia jamani, jenereta ibaki juu, pampu ya umeme ndo izame, na mtu akianguka asishuke yeyote bila hewa. Mwenye duara kalalamika gharama ila injini imebaki juu, nimeiona kwa macho yangu.

Saa 9. Karashani, kwenye mashine za kusaga mawe. Vumbi tupu, akina mama wamefunga khanga puani, haitoshi hata kidogo kwa vumbi la mwamba. Nimewaambia wanyunyizie maji mawe kabla ya kusaga.

Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mtu akiumia kazini unalipa. Ila huku kwenye kugawana mawe mwajiri ni nani? Kijana akivunjika mguu tunachangishana, hilo linaniuma sana.

Saa 12 jioni. Wote wamepanda, majina nimekata yote, mpiga baruti kawasha tambi za baruti akatoka. Matundu ya baruti yalikuwa sita. Tukahesabu milipuko, moja, mbili, tatu, nne, tano, kimya. Mpiga baruti akaniangalia, naye kasikia tano.

Saa 2 usiku. Bosi kapiga, anataka kesho watu waingie mapema kuna oda ya mawe. Nimemwambia mzee, kuna tundu halijalipuka huko chini, asubuhi nashuka mimi na mpiga baruti tu, wengine baadaye. Kafoka, kakata simu. Nimeshawatumia vijana meseji wasije kabla ya saa 5.