Shuka za Hemroulle

Jumamosi nilikuwa Bastogne, Ubelgiji. Baridi yake usiniulize. Nikasogea hadi Hemroulle, kijiji cha jirani. Desemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani walizingirwa huku na Wajerumani, theluji imetanda, sare zao zinaonekana kutoka mbali. Meja John Hanlon, kamanda wao, akaomba shuka nyeupe za kujifichia kwenye theluji. Kengele ya kanisa ikapigwa, wanakijiji wakaleta kama 200! Kubwa zikatobolewa tundu la kupitisha kichwa. Nyingine zikakatwa vipande vya kufunika kofia za chuma, na vitambaa vyembamba vya kuzungushia mitutu ya bunduki. Ushonaji wa dharura, sindano hakuna.

Halafu mwaka 1948 Hanlon akarudi na shuka mpya, akawalipa. Jamani! Kuna mtu ana sufuria yangu tangu Idi, naomba asome hapa.